Themostati ya chumba cha Bibi imekata mtandao

[18:52] Baba: Wanangu hamjambo. Themostati ya chumba cha Bibi, kile kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima hita, tangu mchana inaandika haina mtandao. Nimeijaribu mara tatu inakataa. Simu zote humu ndani zimeshika waifai vizuri, yenyewe tu ndiyo imegoma.

[18:53] Dada Mkubwa: Shikamoo Baba. Kumbe! Kwangu tangu saa nane inasema haipatikani, nikadhani ni simu yangu.

[18:53] Dada Mkubwa: Bibi anaendeleaje? Chumba kina joto?

[18:55] Mama: Bibi mzima, anawasalimu wote. Chumba kina joto lake, pale ukutani inasoma 21.

[18:56] Dada Mkubwa: Alhamdulillahi. Roho imetulia.

[18:57] Kaka: Shikamooni. Dada usiogope kwa hilo. Themostati haihitaji intaneti ili iwashe hita. Inapima joto yenyewe, inaamua yenyewe, na amri inapita kwenye waya za ukutani. Ratiba ya usiku nayo imo ndani yake. Kilichokatika ni sisi tulio mbali kumwona Bibi, joto lake liko palepale.

[18:58] Baba: Marahaba wote. Sasa hapa kuna sehemu imeandikwa "rejesha hali ya kiwandani". Nibonyeze?

[18:58] Mimi: Baba hapana! Tafadhali usibonyeze hapo.

[18:58] Mimi: Hiyo inafuta kila kitu: ratiba zote, na hata ile orodha ya waya gani umefungwa wapi na ni hita ya aina gani. Ikikosewa kujazwa upya, hita yenyewe inaweza isiwake, na usiku huu ndio kwanza unaanza. Kuna ya kusahau mtandao peke yake. Hiyo ukibonyeza inafuta jina la waifai na nywila tu.

[18:59] Baba: Sawa, nimetoka hapo.

[19:00] Mimi: Baba, leo kimebadilika nini hapo nyumbani? Jana usiku nilikuwa naiona vizuri.

[19:02] Baba: Asubuhi alikuja fundi akabadilisha ruta. Ile ya zamani ilikuwa inazimika ovyo. Lakini nilimwomba aweke jina lilelile na nywila ileile ili tusihangaike, na kweli simu ziliingia zenyewe bila kuuliza kitu.

[19:03] Kaka: Basi ni ruta. Tatizo ni gigahezi 2.4 na 5.

[19:04] Mama: Kiswahili chake mwanangu.

[19:06] Kaka: Samahani Mama. Ruta za sasa zinarusha mawimbi kwenye bendi mbili. Bendi ya 5 ina kasi lakini inachoka haraka ikikutana na kuta. Bendi ya 2.4 ni ya polepole ila inafika mbali na inapenya. Simu zina uwezo wa kushika zote mbili. Themostati nyingi zinajua 2.4 tu. Ruta mpya mara nyingi inazichanganya chini ya jina moja na kuamua yenyewe nani aende wapi, na vifaa vidogo kama hivi vinapotea hapo.

[19:07] Mama: Hapo nimekuelewa.

[19:09] Shemeji: Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Nimechelewa kusoma. Kabla hamjafika kwenye ruta, naomba tuangalie umeme wa themostati kwanza. Nimeitwa mara nyingi kwenye "tatizo la waifai" nikakuta ni betri.

[19:10] Baba: Marahaba mkwe. Betri? Hii si imeungwa kwenye waya?

[19:13] Shemeji: Imeungwa, lakini inategemea imeungwa vipi. Aina hii inatumia volti 24 kutoka kwenye hita. Ikiwa na waya wa C, umeme una njia ya kurudi na betri yake ya ndani inajaa muda wote. Isipokuwa nao, inajichotea umeme kidogo kidogo kupitia waya za kuwashia hita. Betri ikishuka, kitu cha kwanza inachokizima ni waifai, ili ibaki na nguvu ya kuendesha hita. Skrini inawaka kama kawaida na joto linasoma, kwa hiyo mtu hashuku umeme hata kidogo.

[19:13] Shemeji: Ila msiivute ukutani kabla ya kuzima hita kwenye swichi kuu. Volti 24 si nyingi, lakini waya mbili zikigusana mnaunguza fyuzi ya hita na Bibi ndipo atakapopata baridi kweli. Na kuna hita nyingine waya zake zinabeba umeme mkubwa wa nyumba. Hizo asiguse asiye fundi. Hii yenu nilishaiona, si ya aina hiyo.

[19:15] Kitindamimba: Shikamooni. Ndiyo naingia nyumbani. Nipeni dakika moja nivue viatu.

[19:21] Kitindamimba: Nimezima swichi, nimeivua uso wake.
[picha]

[19:22] Shemeji: Ahsante, picha nzuri. Naona waya umeingia kwenye C na umekaza. Irudishe, washa swichi, halafu ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za kifaa, usome betri.

[19:26] Kitindamimba: Imewaka. Volti 3.9.

[19:27] Shemeji: Betri nzima. Mimi hapo nawaachia wenye mtandao.

[19:27] Mimi: Ahsante Shemeji. Tumeondoa shaka moja kabisa.

[19:28] Kitindamimba: Niizime ruta niiwashe?

[19:28] Kaka: Fanya. Ichomoe, subiri nusu dakika, chomeka. Usiende kwenye themostati mpaka taa za ruta zitulie.

[19:35] Kitindamimba: Bado.

[19:36] Kaka: Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani na nywila ya kuingilia zimeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Tafuta palipoandikwa bendi zimeunganishwa, zitenganishe. Ile ya 5 iachie jina la sasa. Ile ya 2.4 ipe jina jipya, fupi, herufi za kawaida tu, bila nafasi na bila alama.

[19:44] Kitindamimba: Tayari. Sasa kuna majina mawili. Narudi ukutani.

[19:48] Kitindamimba: Imeliona jina jipya! Nimeingiza nywila... inazunguka...

[19:49] Kitindamimba: Imeshindwa kuunganishwa. Palepale.

[19:49] Dada Mkubwa: Nywila umeiandika sawa? Herufi kubwa na ndogo zinahesabika.

[19:50] Kitindamimba: Nimeiandika mara tatu, mara ya mwisho Baba ananisomea herufi mojamoja.

[19:51] Baba: Wanangu, labda imekufa. Ina miaka. Tununue nyingine.

[19:55] Mimi: Baba tusiihukumu bado. Naomba wote tusimame kidogo tuulize inakwamia wapi, maana tukiendelea kubonyeza kila kitu tutakesha.

Kifaa kikiingia kwenye waifai kinapita milango minne. Kwanza kione jina. Pili kikubaliwe na ruta, hapo ndipo nywila na usalama vinapokaguliwa. Tatu kipewe anwani yake ndani ya mtandao. Nne kifike intaneti kwa kampuni yake. Kila mlango una ugonjwa wake.

Kitindamimba amesema jina limeonekana, kwa hiyo mlango wa kwanza mzima. Mawimbi yanafika, bendi ni sahihi, hata chaneli, yaani njia ndogo ndani ya bendi, ni sahihi. Ingekuwa ruta imekaa chaneli ya 12 au 13, vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani visingeliona hilo jina kabisa. Ingekuwa mlango wa tatu, ingekaa muda mrefu ikitafuta anwani, pengine ijipe yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ingekuwa wa nne, ingesema imeunganishwa lakini haina intaneti. Yetu inakataliwa mara tu baada ya nywila. Ni mlango wa pili.

[19:57] Kitindamimba: Kweli, haichukui hata sekunde tano.

[19:58] Dada Mkubwa: Na kama chombo chenyewe ndicho kibovu? Baba anaweza kuwa na haki. Hebu tuipe mtandao mwingine tuone. Simu ya Mama iwashe hotspoti.

[19:58] Mimi: Dada umesema jambo kubwa. Fanyeni hivyo. Mama, kwenye mipangilio ya hotspoti uchague bendi ya 2.4, na usalama, yaani aina ya ulinzi wa waifai, uwe WPA2.

[20:01] Mama: Nimempa Kitindamimba simu, afanye yeye.

[20:06] Kitindamimba: JAMANI

[20:06] Kitindamimba: Imeingia! Mara ya kwanza tu!

[20:07] Dada Mkubwa: Naiona! Naiona kwenye simu yangu, nyuzi 21!

[20:07] Baba: Kumbe nzima.

[20:08] Mimi: Nzima kabisa Baba. Antena yake nzima, akaunti yetu nzima, kampuni yake inajibu. Hatununui kitu. Sasa kazi ni kutafuta tofauti kati ya simu ya Mama na ruta. Kitindamimba, kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya usalama wa waifai, pameandikwaje?

[20:11] Kitindamimba: "WPA3 pekee".

[20:11] Kaka: Ndiyo hiyo. Haina ubishi.

[20:14] Kaka: Themostati tuliifunga 2017. WPA3 ilitoka 2018. Ruta inazungumza lugha ambayo ilikuwa haijatoka siku hii inafungwa ukutani, na kwa aina hii haikuja kupata sasisho la kuifundisha. Simu zetu mpya zinaijua, ndiyo maana ziliingia zenyewe. Nami niwaombe radhi, nilishika ya bendi nikaifanya ndiyo jibu, nikawapotezea nusu saa.

[20:15] Baba: Hukupoteza, mwanangu. Hata hivyo tumelijua.

[20:16] Kaka: Jaribu ule mchanganyiko wa WPA2/WPA3 kwanza.

[20:21] Kitindamimba: Nimeweka mchanganyiko. Imekataa tena.

[20:22] Mimi: Hutokea. Baadhi ya vifaa vya zamani huchanganyikiwa ruta ikitangaza zote mbili kwa pamoja. Weka WPA2 peke yake, yenye AES (namna yake ya kuficha data), kwenye ile ya 2.4 tu. Ya 5 iache na WPA3 yake.

[20:23] Dada Mkubwa: Hapo hatujafungua mlango kwa wezi wa mtandao?

[20:25] Kaka: WPA2 bado inalinda, Dada, mradi nywila iwe ndefu na isiyokisika. Inakubali mpaka herufi 63. Kisichofaa ni kuacha wazi bila nywila, au kurudi kwenye zile za zamani zaidi kama WEP. Na kwa kuwa majina ni mawili, simu na kompyuta zinabaki kwenye ulinzi mpya, hii 2.4 tunaiachia themostati na vifaa vidogo vya aina yake.

[20:26] Kitindamimba: Basi naibadilisha na nywila iwe ndefu hapohapo. Halafu naiambia isahau hotspoti ya Mama, isije ikawa inaisubiri.

[20:27] Mimi: Na simu unayoiwekea iwe na Bluetooth na ruhusa ya mahali. VPN, ile programu ya kupitisha intaneti njia ya pembeni, uizime. Data ya simu pia izime kwa hizo dakika mbili, maana ikiona mtandao wa themostati hauna intaneti inaukimbia katikati ya kazi.

[20:33] Kitindamimba: Inazunguka...

[20:34] Kitindamimba: Imeunganishwa ✅ Imepata anwani, na saa yake imejiweka sawa.

[20:34] Kaka: 🙌🏾

[20:35] Shemeji: Hongereni sana. Kitindamimba, jina la mtandao na nywila uviandike kwenye karatasi uvibandike ndani ya kabati la ruta. Fundi akirudi kubadilisha kitu, mwonyesheni, mwambieni na sababu.

[20:36] Baba: Naandika mwenyewe sasa hivi, pamoja na hiyo WPA2. Nimewashukuru wanangu, nawe mkwe. Ningeibonyeza ile ya kiwandani saa moja usiku tungekuwa tunaongea mengine.

[20:38] Dada Mkubwa: Kwangu bado inasema haipatikani 😟

[20:38] Mimi: Funga programu kabisa, uifungue upya.

[20:40] Dada Mkubwa: Imekuja. Inasoma 20.5. Si ilikuwa 21?

[20:41] Mama: Mlango wa chumba umekuwa wazi, huyu anaingia na kutoka na simu.

[20:41] Dada Mkubwa: Basi naipandisha kutoka huku. Naweka 22 mpaka Bibi alale.

[20:42] Mama: Nimesikia hita imewaka.

[20:42] Dada Mkubwa: Ni mimi, Mama.