Ati si mwiko wa pilau! Mimi?

Jamani hata viatu sijavua, naandika na bega linaniwaka moto. Mnamjua. Yule bwana wa kule kwenye shabaha za visahani, vile virushwavyo na mashine ukavipiga kwa bunduki, mwenye kofia pana na miwani ya rangi ya chungwa, atembeaye kama pwani yote kuanzia Nyali mpaka Mtwapa aliachiwa na babake. Simtaji.

Nimelipa visahani 25, risasi mbali. Mara yangu ya kwanza kushika bunduki ya marisau, vile vipunje vidogo vya risasi. Kisahani chenyewe sentimita 11 tu, na mashine yakirusha kasi kuliko matatu ya Kisauni magharibi. Nikakosa. Cha pili nikakosa. Cha tatu, kile wakiitacho sungura, kinachobiringika chini, nikapiga mchanga. Hapo akapaza sauti kama makanga wa Kongowea:

"Bi mkubwa, hiyo bunduki, si mwiko wa pilau!"

Watu wote wakacheka. Hata kijana aokotaye maganda ya risasi aliinama akashika magoti. Mwiko! Mbele ya mtoto wa dada yangu niliyemwita aje anipige picha, na picha kaipiga wakati ule ule!

Kunifundisha hakunifundisha. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi ndiye aliyeniambia taratibu, mwanangu, usilenge kisahani, lenga mbele yake, maana marisau yakifika chenyewe kishapita. Cha saba nikakivunja, vumbi jeusi likatanda kama moshi. Yule bwana wakati huo yuko kwenye simu. Mwiko ameuona, moshi hakuuona! Wallahi sitasahau.

Mvita_Damu: Pole dada. Sasa pilau iliiva?

KijanaWaTudor: Kimoja kati ya 25? Ameutukana mwiko.

Mwenye uzi: Vitatu! Nimevunja vitatu!

Bamburi2: Bega likiuma hivyo, kitako cha bunduki hukukikaza begani. Na jicho je? Wako watu wa mkono wa kulia ambao jicho lao kali ni la kushoto, marisau yote yaenda kando. Alipaswa kukupima kwanza.

Mwenye uzi: Hakunipima chochote! Alikuwa atafuta mwiko!

MamaZu: Afadhali wewe. Mimi jana tuktuk kanishusha Buxton na nimelipia mpaka Nyali. Ati betri.

Mvita_Damu: Buxton na daraja si hapo hapo tu?

MamaZu: Jua la saa nane, mtoto mgongoni, na gunia la nazi. Hapo hapo wapi?

KijanaWaTudor: Kwani ulimlipa kabla ya kufika?

Bamburi2: Huyo wa betri namjua! Ana kioo kimefungwa kwa kamba ya manjano?

Mwenye uzi: Jamani, mwiko.

MamaZu: Huyo huyo! Kamba ya manjano! Kumbe na wewe?