Zulia la sebuleni: dogo la katikati, au kubwa linaloingia chini ya makochi?

Mama_Pacha
Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae, baridi kweli, na nina mapacha walioanza kutambaa. Kochi la watu watatu limeegemea ukuta mmoja mrefu, viti viwili vya mtu mmoja mmoja vimeegemea ukuta wa pili, vinatazamana nalo. Katikati kuna meza ndogo. Mlango uko kwenye kona, upande wa viti, na unafungukia ndani.

Nimepata mazulia mawili. La kwanza ni sm 120 kwa 180, jeupe, manyoya marefu yanayong'aa, lebo inasema viskosi. La pili ni sm 200 kwa 300, la sufu, manyoya mafupi, nyekundu iliyoiva na bluu. Baba Pacha anasema dogo linatosha mradi meza ikae juu yake. Mimi nalitaka kubwa, ila naogopa litakimeza chumba. Mnasemaje?

Kisiki
Kubwa. Dogo la katikati ndilo linalokifanya chumba kionekane kidogo, maana jicho linakomea pale linapokomea zulia. Usiniamini mimi: chukua mashuka, yakunje yafike vipimo hivyo, tandika, kaa nayo hadi kesho. Njia mnayoipita itajionyesha yenyewe.

Fundi_Brashi
Mama Pacha, kazi yangu ni kuosha mazulia, kwa hiyo mimi nayaona yakishakanyagwa, si yakiwa yametundikwa dukani chini ya taa. Hilo jeupe achana nalo hata ukipewa bure. Viskosi ni nyuzi zinazotengenezwa kwa rojo la mti. Ikiwa kavu inapendeza, ikilowa inapoteza nguvu. Ukimwaga maji ya kunywa tu, mahali pale manyoya yanalala na kushikamana, na mara nyingi panabaki doa la manjano. Wateja wananiletea wakidhani ni uchafu. Si uchafu, ni uzi wenyewe umebadilika, na hapo sina sabuni ya kusaidia. Nyumba yenye mapacha wanaotambaa, maji yatamwagika kabla ya jioni.

Sufu ni habari nyingine. Uzi wake una mafuta kidogo ya asili na magamba madogo sana juu yake, kwa hiyo kitu kikimwagika kinakaa juu kwa muda na unapata nafasi ya kukifuta. Ikikanyagwa inainuka tena. Lakini hakikisha ni sufu kweli. Omba uzi mmoja wa pembeni uuchome nje ya duka: sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima, na majivu yanasagika vidoleni. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Viskosi inaungua haraka, harufu ya karatasi.

Kisha pindua kona uangalie mgongo. Watu wanapapasa uso wa zulia nusu saa na mgongo hawautazami! Ukiona maua yaleyale ya mbele yakitokeza nyuma, fundo kwa fundo, na matamvua yakiwa ni nyuzi za zulia lenyewe zilizoendelea, hilo limefumwa kwa mkono. Ukikuta kitambaa kimebandikwa mgongoni, ujue ndani kuna gundi ya mpira iliyoshika manyoya. Si baya, ila bei isiwe ya lile la kufumwa kwa mkono, maana gundi ikizeeka inakuwa unga, na huo unga utaufagia wewe. Mwisho, lowanisha kitambaa cheupe, sugua ile nyekundu. Kikitoka na rangi, rudisha zulia mahali pake.

Nipe kina cha kochi na cha viti, tupange.

Sina_Haraka
Fundi unampeleka mbali. Watoto wadogo wanataka zulia la plastiki la bei nafuu, likichoka unatupa. Sufu nunua wakishaanza shule.

Fundi_Brashi
Sina_Haraka, kwa maji uko sahihi. Polipropilini, ndiyo plastiki ya mazulia hayo, hainywi maji kabisa na rangi yake haichuji kirahisi. Shida yake ni mafuta, yanang'ang'ania. Tena manyoya yake yakilala hayaamki, na ukiburuta kochi juu yake msuguano tu unatosha kuyayeyusha ukaacha mstari unaong'aa. Kama bajeti imebana, hilo nalo ni jibu. Mama Pacha tayari ana uwezo wa lile la sufu, ndiyo maana nazungumzia la sufu.

Mama_Pacha
Asante sana Fundi. Kochi kina chake sm 90, urefu sm 210. Viti kina sm 80. Meza upana sm 60. Mashuka nimetandika, na hapo ndipo nimechanganyikiwa: hilo kubwa halifiki chini ya kochi NA viti. Likiingia upande mmoja, upande wa pili linabaki nje.

Fundi_Brashi
Haliwezi kufika. Chumba mita 4, toa 90 za kochi, toa 80 za viti, inabaki sm 230 katikati. Zulia lako lina 200. Lakini nani amesema lazima viti viegemee ukuta? Visogeze mbele sm 60. Katikati itabaki 170, zulia litaingia sm 15 chini ya miguu ya mbele ya kochi na 15 chini ya viti. Miguu ya mbele ikikanyaga inatosha, ya nyuma ibaki kwenye vigae. Meza itaachiana sm 55 na kila upande, magoti yanapita vizuri. Kwa urefu, zulia litatokeza sm 45 kila upande wa kochi, ndivyo linavyotakiwa, lisiwe fupi kuliko kochi. Na nyuma ya viti umepata njia ya sm 60, mtu akitoka mlangoni anapita hapo bila kukanyaga watoto.

Lile la 120? Lingeacha sm 25 tupu kila upande. Yaani miguu yote ya watu kwenye baridi, meza peke yake ndiyo imevaa.

Jambo la vigae: usitandike bila pedi ya chini, litateleza. Chukua ya nyuzi zilizogandamizwa yenye mpira wa asili upande wa chini, ikate ipungue sm 2 au 3 kila upande ili kingo za zulia zilale chini. Na kabla hujalitandika papasa manyoya, yana upande yanakolalia. Ukiyatazama yakikulalia wewe, rangi inakolea. Ukisimama upande wa pili, inapauka. Chagua unataka kuona nini ukiingia mlangoni.

Mama_Pacha
Viti vimesogea. Baba Pacha kapita nyuma yake mara mbili akasema "kumbe". Swali la mwisho: wakikojoa?

Fundi_Brashi
Watakojoa. Gandamiza kwa taulo kavu hadi isitoke kitu, usisugue. Kisha maji baridi yenye sabuni kidogo isiyo kali, gandamiza tena, suuza, gandamiza. Dawa yoyote yenye klorini iweke mbali, inayeyusha sufu yenyewe, sisemi rangi. Halafu inua sehemu hiyo, weka kitu chini hewa ipite pande zote mbili, na pedi nayo uikaushe kabla ya kurudisha.

Miezi ya kwanza litatoa vumbi la manyoya, usilirudishe dukani, sufu mpya ndiyo tabia yake. Na chini ya kochi pasafishe, viwavi wa nondo hawali sufu inayokanyagwa, wanakula ile iliyo gizani.