MJADALA: Nyoka wa kufugwa ana nafasi kwenye nyumba ya kupanga?

Wakuu, habari za mchana. Juzi huku Tabata mpangaji mmoja alirusha sauti kwenye kundi la mtaa: "Jamani nyoka wangu katoka, msiogope, hana sumu." Kufika jioni wenye watoto wadogo walishahamia kwa ndugu zao. Nyoka akapatikana nyuma ya friji chumbani kwa mwenyewe, kajikunja penye joto la mota. Mwenye nyumba akamwambia kijana atafute chumba kwingine. Mtaa mpaka leo unabishana.

Msimamo wangu: mwenye nyumba yake, uzio wake na kibali chake, afuge. Nyumba ya vyumba, hapana. Na sababu yangu si sumu.

Tuchukue chatu: hana sumu, ni kweli. Agosti 2013 huko Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika, jamii ya hawa hawa wa kwetu, alitoka bandani mwake ndani ya fleti iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Akapita kwenye njia ya hewa ya darini, akadondokea chumba walimolala watoto wawili, mtu na mdogo wake, miaka 6 na 4. Wote wakafa. Wala hawakuwa watoto wa mwenye nyoka, walikuja kulala kwa rafiki yao.

Sasa angalia nyumba zetu. Ukuta unaishia kwenye lenta, juu ni mabati tu, jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako. Zenye jipsam ndiyo kabisa, huko juu hakuna chumba changu wala chako. Nyoka naye hatoki kwa hasira. Anasukuma mfuniko kwa pua usiku kucha mpaka kona moja ilegee. Kichwa kikipita, mwili unafuata.

Karibuni.

Mfugaji wa Kigamboni: Mleta mada, umechukua chatu mmoja mkubwa wa Kanada ukatubandika wote. Wapo chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wa Ghana na Togo huko, hata mita mbili hawafiki, wakitishwa wanajiviringa na kuficha kichwa. Mbwa mnaowafungulia usiku wanang'ata watu, kichaa cha mbwa kinaua nchi hii, na sijaona mjadala wa kufukuza mbwa. Dawa ni kufuli kwenye mfuniko, na matundu ya hewa yawe madogo kuliko kichwa chake. Akitoka, funga mlango, ziba chini kwa kanga, jioni nyunyiza unga sakafuni. Asubuhi unasoma alikopita. Mara nyingi hata chumbani hajatoka.

Mama Wawili: Kaka Mfugaji, huo unga niunyunyize chumbani kwangu au kwako? Mbwa namsikia akibweka. Wako nitamsikiaje?

Mzee wa Kibali: Mnabishania kufuli wakati sheria ipo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, Rais kakabidhiwa kwa niaba yetu. Ukamate chatu Pugu umtie kwenye beseni bila kibali, una kesi. Wa kutoka nje naye ana makaratasi yake, chatu wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Vijana wetu wangapi wanayo? Ila mleta mada, hapo ndipo marufuku yako inaponitia wasiwasi. Asiye na kibali, nyoka akitoka, hasemi. Anatafuta kimyakimya wiki nzima na nyie mmelala. Huyo wenu wa Tabata alisema, na malipo yake ni kufukuzwa. Wa pili mnadhani atasema?

Mleta mada: Mzee, hoja nzito hiyo, lakini mwenye nyumba naye ana wapangaji wengine. Hao alitakiwa awaambie nini?

Fundi Dari: Shikamoo Mzee. Mimi kila siku niko juu ya dari za watu, Mbezi, Kinyerezi, Goba. Nyoka ninaowakuta si wa kufugwa, wamefuata panya na popo. Na hatari niionayo mimi hamjaitaja. Mtu akishatangaza nyoka wake katoka na hana sumu, kila nyoka atakayeonekana mtaani mwezi ule ni "wa yule kijana". Watoto wanamsogelea, mtu mzima anamshika mkia apige picha. Na Dar hii tuna koboko wa kijani kwenye miembe na mikorosho, akiwa mchanga watu wanamfananisha na nyoka wa majani asiye na neno. Kwa hiyo anayetangaza aweke picha, rangi na urefu, sio "hana sumu" peke yake. Halafu apige 114 Zimamoto. Mwezi uliopita mama mmoja kaniita mimi, nikapanda na tochi na bisibisi.