Injini yangu inapasha moto ziwa, nifanyeje?

Mzee wa Kibirizi: Wakuu, nina boti ya mizigo hapa Kibirizi, injini ya dizeli. Maji ya kupozea yanaingia baridi, yanatoka ubavuni ya kuogeshea mtoto. Ekzosi ndiyo usiseme. Mafuta nanunua mimi, halafu nalipasha moto Ziwa Tanganyika! Joto hilo halirudishiki kwenye propela?

Fundi Ujiji: Shikamoo mzee. Halirudi lote. Joto hufanya kazi linaposhuka kutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji ya maporomoko ya Kalambo yanavyohitaji pa kuangukia. Mfaransa Sadi Carnot aliliandika 1824. Tuseme injini ya mvuke: mvuke nyuzi 177, ziwa 27. Jumlisha 273 kila upande, ili uhesabu kuanzia baridi ya mwisho kabisa (kelvini), unapata 450 na 300. Basi 300 gawa kwa 450: theluthi mbili ya joto lazima itupwe, hata fundi awe malaika. Msuguano bado hujauhesabu.

Mzee wa Kibirizi: Marahaba. Kumbe hata meli yetu Liemba enzi za mvuke ilikuwa inamwaga tu!

Mwalimu wa Fizikia: Tena sana. Dizeli ina nafuu kwa sababu moto unawaka ndani ya silinda, nyuzi zaidi ya 1,500, kwa hiyo mteremko ni mrefu. Ila mzee, usije ukang'oa themostati, ile vali inayozuia maji ya kupozea mpaka injini ipate moto, ukidhani baridi zaidi ni bora. Injini ikipoa mno inakula mafuta na silinda zinalika.

Mzee wa Kibirizi: Niliing'oa mwaka jana 😅