Kuzuia programu ofisini: AppLocker, WDAC au fayawoli?

Mtaa_wa_Samora
Wakuu, habari za mihangaiko. Jana nimekuta laptopu ya mhasibu ina VPN mbili za bure, programu ya torenti na gemu la kukraki. Bosi anataka mapendekezo Ijumaa. Nitumie AppLocker au WDAC, vizuizi vya programu vya Windows yenyewe, au ninunue FortiGate, fayawoli ya mtandao, nizuie yote mlangoni? Nawasilisha.

fundi_kebo
Mkuu, swali nusu hilo. Mashine ngapi? Windows Pro au Home? Domeini mnayo, yaani seva inayosimamia mashine zote? Nani ana haki za admini? Bila hayo tunapiga ramli.

Mtaa_wa_Samora
Radhi wakuu. Mashine 34. Windows 11 Pro, ila sita ni Home, za Kariakoo. Domeini ipo. Admini... karibu wote 😀

mamaTehama
Ugonjwa uko hapo. Sheria za kuanzia za AppLocker zinamruhusu admini kuendesha chochote. Wavue hizo haki kwanza. Fayawoli inaona kinachopita kwenye mtandao wenu tu. Gemu limekuja na flashi, itajuaje? Akiwasha hotspoti ya simu, ndo basi tena.

babu_seva
FortiGate msiidharau. Mwaka wa sita huu, nalala usingizi.

mamaTehama
Unalala kwa sababu hujachungulia, kaka.

Kipanya77
AppLocker si ya Windows Enterprise, toleo la makampuni makubwa, tu?

mamaTehama
Zamani. Microsoft walishaondoa sharti hilo, Pro inakubali. Home ndo haiingii domeini, hizo sita zipandishwe ziwe Pro.

abiria_wa_mwendokasi
Ngoja niwape yaliyonikuta. Ijumaa jioni niliwasha AppLocker kwa sheria za kuanzia: kinachoruhusiwa ni kilichomo Program Files na Windows. Hali ya kukagua tu, inayorekodi bila kuzuia, nikairuka, nikajiona mjanja. Jumatatu saa mbili na robo niko Kimara, nimebanwa na mlango wa mwendokasi, simu inaita haikomi. Keshia hawezi kutoa risiti! Kumbe fundi aliyeifunga ile programu aliiweka C:\RISITI. Nafika saa nne kasoro, foleni imeshuka mpaka kwenye ngazi, mzee mmoja kakalia ndoo ya rangi. Nafungua Event Viewer, kumbukumbu za matukio ya Windows: 8004, yaani programu zilizozuiwa, zimepangana kama siafu. Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Wewe kagua tu kwanza, mwisho wa mwezi upite maana mishahara nayo ina programu yake. Soma 8003 zote, yaani ambazo zingezuiwa, ndipo uanze kuzuia.

fundi_kebo
Pole sana. Si ungeiruhusu tu hiyo folda?

abiria_wa_mwendokasi
Folda ambayo keshia anaweza kuandika ndani? Atabandika humo lolote na litafunguka. Ruhusu kwa sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Kama haina, hashi, yaani alama ya kipekee ya faili lenyewe, ila kila toleo jipya unaanza upya.

Kipanya77
Na WDAC?

mamaTehama
Siku hizi inaitwa App Control for Business. Inashika mashine nzima, admini naye ndani. Kali kuliko AppLocker, ila kwa mtu mmoja na mashine 34 atakesha.

babu_seva
Ndo maana nikasema FortiGate.

Mtaa_wa_Samora
Asanteni. Tatizo jipya: bosi anasema laptopu yake isiguswe.

fundi_kebo
Torenti ni zake hizo 😂

Kipanya77
Mkuu, hizo za Kariakoo ulichukua kwa bei gani? Natafuta mbili.

Mtaa_wa_Samora
Njoo inbox.