Taa za gari la Kulwa

Kikundi: FAMILIA YA MZEE (Sengerema na Mwanza)

*Jumapili*

06:41 Kulwa: Shikamooni wakubwa zangu. Nimewasha gari niwapeleke watoto kanisani, dashibodi imejaa taa. Ipo ya ABS (ya breki), ipo ile ya gari linaloteleza, ya usukani na ya injini. Gari lina siku 11 tu! Kilomita 386.

06:42 Kulwa: 📷 Picha

06:44 Mama Jeni: Nimeshuka na watoto. Siingii humo mpaka Wifi Doto aseme neno.

06:47 Baba Mdogo: Mwangaluka wote. Kulwa, hayo mambo ya kompyuta. Fungua boneti, chomoa waya wa hasi wa betri, kaa dakika 10, rudisha. Taa zote zitazima. Mimi ya kwangu nafanya hivyo kila mara.

06:48 Kulwa: Marahaba Baba Mdogo, ngoja nichukue spana

06:48 Kulwa: Samahani, SHIKAMOO Baba Mdogo. Nimechanganyikiwa kabisa.

06:49 Doto: Kulwa weka spana chini!

06:49 Doto: Shikamoo Baba Mdogo. Naomba asichomoe kwanza, nitaeleza. Niko naandika.

06:50 Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Eleza.

06:56 Doto: Kompyuta ya gari ikiona kosa haiwashi taa tu. Inahifadhi namba ya kosa, na pamoja na hiyo namba inahifadhi hali ilivyokuwa dakika ile: injini inazunguka kiasi gani, ina joto gani, gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Ukichomoa betri, kumbukumbu hiyo inaweza kufutika. Taa zinazima lakini ugonjwa umebaki, na wewe huna ushahidi tena. Kwa gari la zamani unalolitengeneza mwenyewe utaamua unavyotaka, Baba Mdogo. Hili lina dhamana. Wenye kulitibu ni waliotuuzia, na lazima walikute likiwa linaumwa.

06:57 Doto: Kulwa, kati ya hizo taa kuna nyekundu?

06:58 Kulwa: Zote njano. Hapana, ya usukani ni nyekundu. Stata nayo ilijikokota, kama mtu anayeamshwa na hajalala.

06:59 Doto: Hiyo ya stata ndiyo ungeanza nayo! Zima gari. Sitaki uendeshe na taa nyekundu ya usukani. Piga picha ya kilomita, andika saa. Watoto wapande daladala. Nakuja na kipimo.

07:03 Shangazi Igoma: Poleni wanangu. Kulwa, fedha ya gari hilo Mzee aliuza ng'ombe. Fuata anachosema Doto.

07:05 Shija: Mama anauliza kama gari limeungua. Nimemwambia hapana. Anasema mumuombee.

09:20 Doto: Niko hapa Buhongwa. Betri ikiwa imepumzika na imejaa inasoma volti 12.6. Hii inasoma 11.8. Maana yake imeisha chaji. Umeme ukishuka hivyo wakati wa kupiga stata, kila kompyuta ndogo ndani ya gari inapiga kelele yake: ya breki inalalamika, ya usukani inalalamika. Ndiyo maana taa zimekuja kwa mkupuo. Mara nyingi zikiwaka nyingi kwa pamoja, tafuta kitu kimoja kinachozilisha zote.

09:22 Doto: Na angalieni hii.

09:22 Doto: 🎥 Video

09:24 Mama Jeni: Wifi hiyo nati unaizungusha kwa vidole??

09:26 Doto: Kwa vidole viwili. Nati ya waya wa hasi, haijakazwa. Gari likisimama muda mrefu yadi, betri inashuka. Kuna mtu aliichaji akarudisha waya, akasahau kukaza. Hapo ni mimi ninavyoona, wao waseme wenyewe. Sijaikaza. Nimeirekodi, nimeiacha kama nilivyoikuta.

09:31 Baba Mdogo: Hapo nimekuelewa Doto. Ningekuwa mimi ningeshaikaza na wasingeamini.

*Jumatatu*

11:15 Kulwa: Wamekuja na betri ya kuazima, tumelipeleka karakana yao. Wamekaza nati, wamechaji, taa zimezima. Wanasema kitu kidogo, niende tu.

11:16 Doto: Karatasi?

11:17 Kulwa: Wanasema kwa kazi ndogo hawaandiki.

11:20 Doto: Usitoke. Omba karatasi ya kazi: tarehe, kilomita, ulilalamikia nini, walikuta nini, walifanya nini. Taa ikirudi mwezi wa nane bila hiyo karatasi, utaambiwa hujawahi kufika.

11:22 Shangazi Igoma: Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika mafaili. Nakubaliana na Doto. Neno la mdomo linakwenda na upepo. Mwombe kwa heshima lakini usinyanyuke kwenye kiti.

12:40 Kulwa: 📷 Picha ya karatasi. Wameandika. Nimekaa saa nzima na dakika kumi.

12:41 Mama Jeni: Asante Mungu. Jumatano ukamchukue Mzee, Alhamisi kliniki yake ya moyo pale Bugando.

12:50 Doto: Kingine kabla hujaondoka: upepo wa matairi. Magari mapya mengi hujazwa upepo mwingi ili yasibonyee yakisimama safarini na yadi. Wanatakiwa kuupunguza kabla ya kukukabidhi. Kipimo sahihi kipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa dereva, siyo namba iliyoandikwa kwenye tairi.

13:02 Kulwa: Mlangoni inasema 33. Matairi yote manne yana 44! Ndiyo maana Mama Jeni alikuwa anasema gari linarukaruka.

*Jumatano*

07:58 Kulwa: Doto pokea simu

07:58 Kulwa: Doto

07:59 Kulwa: Nimepita Usagara naelekea Kigongo. Taa ya injini imewaka na INAPEPESA. Gari linatetemeka, nikikanyaga mafuta haliendi.

08:00 Doto: Toa mguu kwenye mafuta. Ingia pembeni, zima. Usijikaze mpaka darajani.

08:04 Kulwa: Nimesimama. Nimeweka pembetatu.

08:05 Mjomba: Habari za asubuhi. Taa ya njano si unaruhusiwa kuendelea? Juzi mlisema nyekundu ndiyo ya kusimama.

08:09 Doto: Shikamoo Mjomba. Njano iliyotulia, ndiyo, unaenda taratibu mpaka kwa fundi. Taa ya injini ikipepesa ni jambo jingine. Injini inamisi: kuna silinda ambayo petroli inaingia lakini haiwaki. Petroli hiyo mbichi inatoka na moshi, inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzozi, yale yanayosafisha moshi. Masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka. Bei yake usiulize. Mtu anaendesha kidogo tu "afike", kosa la kifaa kidogo linageuka kosa la kifaa kikubwa.

08:10 Mjomba: Marahaba. Nimepata elimu. Mzee nitakuja naye mimi kwa basi, msihangaike.

08:12 Shija: Baba ameshavaa kofia tangu saa kumi na moja. Anasema zamani foleni ya kivuko ilimfundisha kusubiri, kwa hiyo hana shida.

08:13 Kulwa: Baba anisamehe. Nilitaka avuke daraja la Kigongo–Busisi kwa gari lake mwenyewe. Tangu lifunguliwe Juni 2025 amelipita kwa basi tu.

08:15 Mama: (ujumbe wa sauti, Shija ameuandika) "Kulwa, gari halina hasira na wewe. Tulia hapo barabarani, kunywa maji. Baba yako hajakasirika."

08:17 Doto: Waambie walete lori la kubeba, lipande juu lote. Wasilivute kwa kamba, hili ni la otomatiki na linavuta miguu yote minne.

13:30 Kulwa: Tuko karakana. Meneja anasema ni mafuta mabaya, niliweka kwenye sheli ya mtaani, dhamana haihusiki. Amenipa fomu nisaini kwamba nimekubali. Doto njoo, mimi najua kufundisha Jiografia, haya siyajui.

13:31 Shangazi Igoma: Usisaini kitu ambacho hukubaliani nacho. Wakilazimisha, andika kwa mkono wako: "Nimepokea, sikubaliani", weka tarehe.

13:33 Doto: Natoka Nyakato sasa hivi. Waulize swali moja tu: namba ya kosa ni ipi?

13:40 Kulwa: Walikuwa hawajapima! Ndiyo wanachomeka mashine chini ya usukani sasa hivi.

13:46 Kulwa: P0301

13:47 Doto: 👏🏾 Basi subiri nifike.

15:55 Doto: Ndugu zangu naandika kwa kirefu kwa sababu naona yatawafaa na wengine mnaotaka kununua.

P0300 ni injini kumisi ovyo, leo silinda hii, kesho ile. P0301 ni silinda namba moja peke yake. Mafuta yanatoka kwenye tanki moja, yanagawiwa silinda zote nne. Yakiwa mabaya, kwa nini zile tatu ziwe nzima? Nimemuuliza fundi wao, kijana mpole, akanyamaza akamwangalia meneja.

Kulwa alikuwa na risiti ya sheli, imeandikwa tarehe na lita. Tukaomba watoe mafuta kidogo kwenye tanki, tukaweka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekaa chini na ungeona mstari. Tumeiacha nusu saa mezani kwa meneja. Hakuna mstari.

Kisha nikamwomba yule kijana afanye jambo la dakika tano. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi, ndiyo inayoipa plagi umeme wa kupiga cheche. Achukue koili ya namba moja aipeleke namba mbili, ya mbili aje nayo moja. Afute kosa, awashe. Gari likaanza kutetemeka palepale, taa ikapepesa. Akapima.

15:56 Doto: 📷 Picha

15:57 Mama Jeni: P0302!

15:58 Doto: Umeona wifi? Kosa limehama pamoja na koili. Koili ndiyo mbovu, imetoka nayo kiwandani. Mafuta hayana hatia, na Kulwa hana hatia.

16:01 Baba Mdogo: Doto, baba yako angekuwepo hapo angepiga vigelegele. Mimi nimepiga hapa dukani, wateja wananishangaa.

16:04 Kulwa: Meneja ameichana fomu mwenyewe. Ameomba radhi, tena vizuri, amesimama. Sasa shida: koili hawana hapa, inatoka Dar na basi la usiku.

16:06 Shangazi Igoma: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ipo, Sura ya 214, kitu unachouziwa lazima kiwe na ubora wa kuuzika. Lakini kama ameomba radhi na anatengeneza, tusiende huko. Andikeni tu siku ya kukabidhi.

16:10 Doto: Nimeandikisha Jumamosi. Na nimeomba wakague masega yasije yakawa yameumia, waandike na hilo.

19:25 Mjomba: Tumefika Buhongwa na Mzee salama. Amekula samaki, sato mzima, kamaliza.

*Alhamisi*

10:48 Mama Jeni: Tumetoka Bugando. Daktari ameridhika na presha, amembadilishia dozi ya dawa moja. Tulikwenda na bajaji ya jirani. Mzee anasema anabaki Buhongwa mpaka gari lipone, hapandi basi kurudi.

*Jumamosi*

14:12 Kulwa: Koili mpya imefungwa. Karatasi ninayo, namba ya kosa imeandikwa, masega wameandika "yako sawa". Nimeendesha mpaka Kisesa na kurudi, kilomita kadhaa, kimya. Hakuna taa hata moja.

14:13 Doto: Ukiwasha, kabla injini haijanguruma, taa zote zinawaka kidogo halafu zinazima?

14:15 Kulwa: Zinawaka zote, zinazima zote.

14:15 Doto: Hapo sawa. Ingekuwa ya injini haiwaki kabisa mwanzoni ningekurudisha.

*Jumapili*

15:37 Mama Jeni: 📷 Picha

15:37 Mama Jeni: Tuko katikati ya daraja. Mzee amekaa mbele, ameshusha kioo.

15:39 Shija: Mama anauliza kwa nini amevua kofia.

15:41 Mama Jeni: Upepo wa ziwa. Anaishikilia magotini kwa mikono miwili. Anamwonyesha Jeni pale kivuko kilipokuwa kinapakia.

15:52 Kulwa: Tumeshatoka Busisi. Mama weka maji ya ugali.