Chama cha mafundi kwenye gemu: mchezaji apandeje cheo hadi astahili?

Tezo_na_Keke:

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza gemu ya ulimwengu wazi kwa Godot, programu ya kuundia gemu, peke yangu, usiku nikishatoka kazini. Ni mji wa pwani wenye vyama vitatu: mafundi majahazi, mabaharia na wachuuzi. Nimekwama kwenye mafundi.

Jumamosi nilimpa mpwa wangu wa miaka 16 aijaribu. Misheni ya kwanza, peleka barua. Ya pili, tafuta mbao zilizoibwa. Ya tatu, pigana na wezi. Ya nne, zungumza na mzee wa chama. Dakika 40 hazijaisha, skrini ikamwandikia kwamba sasa yeye ni Fundi Mkuu. Akanigeukia: "Mjomba, tezo ni nini?"

Swali hilo limeniuma. Marehemu baba alikuwa fundi majahazi. Mwanagenzi kwake alianza na kalafati: unasokota pamba, unaichovya mafuta, unaishindilia kwenye maungio ya mbao mpaka vidole vinakufa ganzi. Baadaye sana unapewa keke, ile ya kuzungushwa kwa upinde, utoboe tundu kabla ya msumari ili ubao usipasuke. Tezo, kishoka cha kuchongea mbao, ilikuwa ya mwisho, tena baba hakutangaza. Siku moja anakunyooshea mpini, basi.

Nataka hilo liwemo. Kwa sasa programu yangu ina namba moja tu ya cheo, inaongezeka 1 kila misheni ikiisha. Nifanyeje bila kumchosha mchezaji?

Balmora_Usiku:

Pole na hongera, mkuu. Hicho alichokipata mpwa wako nilikipata mimi kwenye gemu ya Skyrim ya 2011. Unafika chuo cha wachawi cha Winterhold, mchawi Faralda anakusimamisha, anataka umwonyeshe uchawi mmoja. Huujui? Anakuuzia mwenyewe kwa dhahabu 30. Ukiupiga, umeingia, na hadithi ikiisha unakabidhiwa chuo kizima, hata kama silaha yako ya kila siku ni shoka.

Morrowind ya 2002, gemu ya mfululizo huohuo, ilikuwa na adabu yake. Chama cha wachawi kina vyeo 10, na kila unapopanda cheo unadaiwa kiwango kwenye fani za chama chenyewe. Kwa cheo cha juu kabisa fani moja iwe imefika 90 na nyingine mbili 35. Unaweza kuwa umemaliza kazi zote ulizotumwa, bado ukaambiwa hujaiva. Na kazi za mwanzo ni za mwanagenzi kweli: pale mji wa Balmora, mwanachama mmoja aitwaye Ajira anakutuma ukamchumie uyoga wa aina 4. Niliuzunguka ule mto usiku kucha.

Weka kiwango cha kalafati, cha keke, cha tezo. Misheni peke yake isipandishe mtu.

Bi_Ramani:

Kaka Balmora, nakubali nusu. Kwenye Morrowind hiyohiyo kiwango kinanunuliwa. Mimi niliuza silaha za kuokota, nikasimama mbele ya mwalimu, nikabonyeza, nikalipa, nikabonyeza tena. Cheo nikapata. Mikono yangu haikujifunza kitu.

Mkuu Tezo, itazame gemu ya Gothic ya 2001, ya Wajerumani. Asiyefundishwa upanga wa mkono mmoja anaushika kwa mikono miwili, anaushusha kama mtu anayepasua kuni. Akishafundishwa, mshiko unabadilika na mapigo yanaungana. Huhitaji kufungua ukurasa wa takwimu, unaliona mwilini mwake.

Kwa hiyo keke iwe mikononi mwa mchezaji. Avute upinde wake kwa mdundo. Akiharakisha, ubao upasuke. Asiyejua aonekane hajui. Na tafadhali, huyo mzee muache kwenye kiti chake. Kwa nini kila mgeni aishie kuwa mkuu wa chama? Mimi ningefurahi kuwa fundi anayeaminiwa mkuku na mataruma, yaani uti wa mgongo na mbavu za jahazi, basi.

Jingine: vyama vyako vigusane. Kwenye Morrowind, Eydis wa chama cha wapiganaji anakutuma mapema ukachukue daftari la siri la Sottilde, ambaye ni wa chama cha wezi. Ukiwa mwanachama wa vyote viwili, hapo ndipo unajiuliza wewe ni wa nani. Mabaharia wako wakitaka jahazi lishushwe kabla kalafati haijakamilika, fundi wako atasema nini?

Tezo_na_Keke:

Dada, hilo la mabaharia nimelichukua lote. Asanteni sana nyote wawili.

Usiku huu nimefuta ile namba ya cheo na yale maandishi ya pongezi. Keke inafanya kazi: mdundo ukienda sawa sauti inatulia, ukikosea unasikia nyuzi za mbao zikikatika. Nimebaki na jambo moja. Ubao ukipasuka, mzee aseme neno au anyamaze?

Bi_Ramani:

Baba yako alifanyaje?

Tezo_na_Keke:

Alikuwa anauokota, anaugeuza, anaukata vipande vifupi vya kuzibia sehemu ndogo. Halafu anakuletea ubao mwingine, anarudi kwenye kazi yake. Ngoja nichore hiyo mikono.